Matairi ya theluji kwa Golf R: mdogo wangu yuko Umeå, Uswidi. Achague yapi?

FundiMatairi_Sakina (Arusha)

Wakuu, salaam. Naomba mwongozo kwa wale mnaoishi au mliowahi kuishi kwenye theluji.

Kazi yangu ni matairi. Nipo Sakina, pembeni ya barabara ya Namanga, nauza mapya, nafanya alaimenti na balansi, naziba pancha. Ukiniletea Land Cruiser ya watalii inayopanda Ngorongoro kila wiki, au Noah ya abiria wa Usa River, nakuchagulia tairi nikiwa na uhakika. Tairi la kutembea juu ya barafu sijawahi kuliuza, na anayeniuliza ni mdogo wangu wa tumbo moja, kwa hiyo sitaki kubahatisha.

Yuko Umeå, kaskazini mwa Uswidi, ameajiriwa huko. Juzijuzi kanunua Volkswagen Golf R ya kizazi cha saba: injini ya lita 2 yenye tabo, nguvu farasi 300, magurudumu yote manne yanavuta. Anaipenda mno hiyo gari, na mimi nimefurahi kwa ajili yake, maana tangu akiwa shule ya msingi alikuwa anashinda na mimi gereji. Huu ndio msimu wake wa kwanza wa baridi akiwa na gari. Miaka ya nyuma alikuwa anapanda basi.

Gari imekuja na rimu za inchi 19 zenye matairi ya kiangazi 235/35, yaani upana milimita 235 na ubavu asilimia 35 ya upana huo. Kashata (yale matofali ya mpira yanayokanyaga barabara) bado zimejaa. Ushauri aliopewa huko unapingana wenyewe kwa wenyewe. Muuzaji mmoja kamwambia achukue Michelin Pilot Alpin 5, kwamba gari ya kasi inataka tairi la theluji la kasi. Mwenzake kazini kamwambia avae ya misumari ya chuma, basi. Mwingine kamwambia kwa kuwa gari inavuta kote, matairi ya misimu yote yanatosha. Safari zake ni za mjini siku za kazi, na mwisho wa wiki mara nyingi anakwenda Lycksele, zaidi ya kilomita 100 kuelekea bara, barabara ya misitu.

Mahesabu niliyofanya mwenyewe ni haya. 235/35R19 kimo chake ni milimita 647. 225/40R18 ni 637. Ukishuka hadi inchi 17, 225/45 inakuja 634, na 205/50 inakuja 637, yaani sawa kabisa na ile ya 18. Kwa macho ya fundi, 205/50R17 inanivutia: nyembamba, na ubavu wake ni mrefu. Ila kila ninayemtajia kwamba gari ya farasi 300 ivae upana wa 205 ananishangaa. Je, kwenye theluji wembamba ni faida au hasara? Na kalipa za breki za Golf R zitakaa ndani ya rimu ya 17?

Tafadhali anayejibu aseme yuko wapi. Nimeanza kuona kila mtu anajibu kwa barabara ya kwao.

---

Kijana_wa_Njiro (Munich)

Fundi, habari za Sakina. Nyumbani ni Njiro, sasa naishi Munich, naendesha BMW M240i.

Kwanza hao wa misimu yote. Magurudumu manne kuvuta kunamsaidia kuondoka kwenye taa na kupanda kilima. Kwenye breki hakumsaidii kitu, kila gari inasimama kwa matairi yake tu, na kwenye kona ni hivyo hivyo. Wanaokwenda mtaroni wakiwa na gari inayovuta kote ni wengi kwa sababu hiyo: gari iliwaondoa vizuri, wakaamini itawasimamisha vizuri.

Pili, hayo ya inchi 19 yatoke mapema. Mpira wa tairi la kiangazi unaanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7. Haya ya magari ya kasi ndiyo mabaya zaidi: baridi ikifika nyuzi 7 chini ya sifuri na kuendelea, mpira unaweza kupasuka nyufa hata kwa kuisogeza gari uani. Yakae ndani.

Sasa Pilot Alpin 5. Mimi nayavaa na nayapenda. Tairi la kawaida la theluji kwenye gari yenye nguvu linayumba ukikata kona, unageuza usukani halafu unasubiri. Hili kashata zake hazipindi sana, na unalipata kwa alama ya V, kilomita 240 kwa saa, au W, 270. Ukiwa Autobahn, barabara kuu ya kasi ya huku, mwezi wa pili, lami imelowa, joto nyuzi 2, utamshukuru aliyelibuni.

Kuhusu alama ubavuni: asikubali lenye M+S (herufi za "matope na theluji") peke yake. M+S mtengenezaji anajiandikia mwenyewe kwa kuangalia muundo wa kashata. Alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake ndiyo inayotolewa baada ya tairi kupimwa kwenye theluji. Hapa Ujerumani tangu 1 Oktoba 2024 sheria inautambua mlima tu. Misumari kwetu ni marufuku.

---

DadaWaKibosho (Luleå)

Kaka Fundi, pole na kazi. Mimi mzaliwa wa Kibosho, naishi Luleå, zaidi ya kilomita 250 kaskazini ya Umeå kwa barabara ya E4. Naendesha Audi S3, ambayo chini ya bodi ni ndugu wa Golf R: fremu ile ile, mfumo ule ule wa Haldex wa kupeleka nguvu nyuma. Kwa hiyo barabara ninayoisema ni ya mdogo wako, na gari karibu ni yake.

Kaka wa Njiro amesema kweli tupu kuhusu magurudumu manne, kuhusu mlima na kuhusu yale ya kiangazi. Kwa Pilot Alpin namkatalia, na naomba nieleze kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo watu wenye magari ya nguvu wanapotoa hela nyingi kununua tairi zuri la mahali pengine.

Tofauti inaanzia kwenye chumvi. Munich baridi yake inazunguka sifuri. Chumvi ikimwagwa, theluji inayeyuka, kinachobaki ni lami yenye maji ya baridi, na lile tairi limetengenezwa kwa ajili ya lami hiyo. Huku baridi ikishashuka sana, chumvi haiyeyushi kitu. Barabara nyingi, hasa ukiacha pwani ukaelekea bara, hazimwagiwi chumvi. Greda linapita linakwangua, linaacha tabaka jeupe lililoshindiliwa, linalichanachana juu, kisha mchanga unamwagwa. Hiyo ndiyo barabara, wiki baada ya wiki. Mdogo wako akienda Lycksele mwezi wa Januari, kwa sehemu kubwa ya njia tairi lake litakuwa juu ya theluji ngumu au barafu.

Sasa, chini ya alama ile ile ya mlima kuna koo mbili za matairi, na muuzaji asipokuambia huwezi kujua. Ukoo wa kwanza ni wa Ulaya ya kati: Pilot Alpin, Pirelli Sottozero, Continental TS 860 S. Ukoo wa pili ni wa huku kaskazini: Nokian Hakkapeliitta R5, Michelin X-Ice Snow, Continental VikingContact, Bridgestone Blizzak Ice. Mpira wa ukoo wa pili unabaki laini hata nyuzi 30 chini ya sifuri, na kashata zake zimekatwa mikato midogo midogo mingi sana, kila mmoja ukiwa ni ukingo wa kung'ata barafu. Mikato hiyo pia inanyonya utando wa maji uliopo juu ya barafu. Watu hawajui kwamba barafu mbaya kuliko zote ni ile ya karibu na sifuri, kwa sababu imelowa. Nyuzi 20 chini ya sifuri barafu inakuwa kavu na tairi linashika vizuri zaidi kuliko unavyodhania.

Ulaini huo una bei yake. Mengi ya matairi haya ni ya alama Q, R au T, yaani 160, 170 au 190 kwa saa. Wenye magari ya kasi wakiona T kwenye gari inayofika 250 wanaona wamevunjiwa heshima. Kasi ya juu kabisa inayoruhusiwa Uswidi ni 120. Hiyo V atailipia na hataitumia siku hata moja. Kwenye lami kavu, kweli, gari itakuwa nzito kidogo kugeuka, na atalisikia hilo mwezi wa nne. Mimi nalikubali kwa moyo mweupe, kwa sababu mwezi wa Januari ndio unaoua.

Njia rahisi ya kutofautisha dukani: tangu Mei 2021 kibandiko cha tairi cha Umoja wa Ulaya kina sehemu ya alama ya mlima, na pembeni yake sehemu ya alama nyingine, ya barafu. Alama ya barafu inapatikana kwa kupimwa juu ya barafu yenyewe. Akichukua lisilo na misumari, anunue lenye zote mbili.

Upana: simama na 205 yako, Fundi. Tairi jembamba linakata theluji laini na matope ya theluji likafika chini, pana linapanda juu yake. Kwenye barafu tupu upana hauna uzito mkubwa, mpira na mikato ndivyo vinavyoamua. Ubavu mrefu nao unaokoa rimu, maana huku barabara inajengeka vigongo vya barafu vigumu na mashimo yanafunikwa yasionekane. Kuhusu breki, diski za mbele za gari hiyo ni milimita 340. Rimu nyingi za 17 zinaingia, lakini si zote, inategemea umbo la miguu ya rimu kwa ndani. Aangalie kwenye hati za gari ni saizi gani zimeruhusiwa, kisha rimu ijaribiwe tupu kabla tairi halijavalishwa.

Na yawe manne, ya aina moja, yenye kina kimoja. Haldex haipendi kimo kutofautiana, na wewe unalijua hilo kuliko mimi.

Bado misumari, na hapa nadhani nitawashangaza. Mimi navaa yasiyo na misumari na nayatetea popote: kimya, hayachimbi lami, hayarushi vumbi. Stockholm wameifunga Hornsgatan kwa magari ya misumari tangu 2010 kwa sababu ya vumbi hilo. Lakini umesema huu ni msimu wake wa kwanza, na Umeå iko pwani, pale inayeyuka mchana na kuganda usiku mara nyingi kuliko kwangu. Mtu ambaye mikono yake haijajifunza barafu, anayerudi kutoka Lycksele usiku, ningemvalisha misumari msimu huu na unaofuata. Kwenye barafu iliyolowa hakuna mpira unaoishinda. Misumari inaruhusiwa kuanzia 1 Oktoba hadi 15 Aprili. Sheria ya tairi la baridi lenyewe ni 1 Desemba hadi 31 Machi barabara ikiwa ya kibaridi, na kashata zisipungue milimita 3, ingawa mimi nikiona 4 nabadilisha.

---

Kijana_wa_Njiro (Munich)

Dada, nimekuelewa. Sijawahi kuendesha kaskazini ya Hamburg. Kwa barabara isiyo na chumvi naondoa neno langu la Pilot Alpin.

---

Subaru_Kijenge (Arusha)

Samahani nidandie hapo hapo. Nimeshusha Impreza WRX kutoka Japani, imekuja na Bridgestone Blizzak zenye kashata nene, na jamaa ameniambia niziache kwa sababu mpira laini unashika lami. Fundi unasemaje? Natembea sana Arusha–Moshi.

---

FundiMatairi_Sakina (Arusha)

Mkuu, hilo nalijua, maana zinapita mikononi mwangu. Zitoe.

Wajapani waliachana na misumari mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya vumbi hilo hilo alilolitaja dada, ndiyo maana magari ya Hokkaido yanakuja na tairi laini lisilo na msumari. Mpira umetengenezwa ubaki laini kwenye barafu. Ukiuweka kwenye lami ya Boma Ng'ombe saa nane mchana unakuwa laini kupita kiasi: kashata zinapinda ukipiga breki, umbali wa kusimama unaongezeka, kwenye kona gari inaelea, na kipara unakipata mapema sana. Angalia pia ubavuni, zako nyingi ni Q, 160. Na soma tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba ya kiwanda iliyochapwa ubavuni. Ukikuta 3215, hiyo ni wiki ya 32 ya mwaka 2015. Tairi la umri huo, laini au gumu, mimi sikuruhusu ulipeleke kwenye kasi.

Kitu kingine wasichokuambia: tairi la theluji la Japani lina vigingi viwili vya kuonyesha kuisha. Kile cha kawaida cha milimita 1.6, na kingine kirefu zaidi katikati ya mifereji, kinachotokea likiwa limeisha nusu. Likifika hapo hata kwao wanalihesabu si la theluji tena. Kwa hiyo unaweza kuuziwa tairi lenye kashata unazoziona nzuri, kumbe kazi yake imeshakwisha kule na hapa haijawahi kuwepo. Njoo Sakina tuangalie pamoja, hata usiponunua kwangu.

Sasa nirudi kwa dada wa Kibosho. Ahsante sana, umenifungua macho kwenye chumvi. Mimi nilikuwa nafikiri baridi ni baridi tu. Nimeongea na mdogo wangu jana usiku, nimemsomea maneno yako yote. Kakubali inchi 17, na kakubali misumari kwa msimu huu, ameangalia Nokian Hakkapeliitta. Nimefurahi kuona ni kiwanda cha Ufini kilichotengeneza tairi la kwanza la theluji duniani, mwaka 1934, la malori. Watu waliolitengeneza wakiwa wanaishi humo humo ndani ya theluji naamini maneno yao.

Atanunua na rimu zake kabisa, seti ya pili. Nimemkataza kuvua na kuvalisha tairi kwenye rimu moja kila msimu, mdomo wa tairi unaumia. Tundu za boliti ni tano kwenye duara la milimita 112, tundu la kitovu milimita 57.1. Na boliti nimemsisitizia sana: boliti za Volkswagen kichwa chake ni cha mviringo, rimu nyingi za madukani zinataka cha pembe. Akichanganya, boliti inashika kwa ukingo tu, italegea. Zikazwe kwa 120 Nm kwa spana ya kupimia, kisha zirudiwe akishatembea kama kilomita 50.

Upepo nao nimemhesabia. Akijaza psi 35 ndani ya gereji yenye nyuzi 20, asubuhi ya nyuzi 20 chini ya sifuri atakuta karibu 28, bila pancha yoyote. Kwa hiyo apime nje, gari ikiwa imelala nje. Golf yake inajua upepo kwa kuhesabu mizunguko kupitia sensa za ABS, haihitaji sensa ndani ya rimu, ila akishajaza lazima aiambie gari ianze kuhesabu upya.

Nimebakiza moja tu, dada. Kuendesha kwenyewe. Nimwambie aanzeje?

---

DadaWaKibosho (Luleå)

Kaka, umenipa elimu ya boliti, nashuka chini kuziangalia zangu leo hii.

Kilomita 500 za kwanza aende taratibu, asiondoke kwa nguvu wala kukaba breki, misumari ikae vizuri kwenye mpira. Ikishaanguka theluji ya kwanza atafute uwanja mtupu wa maegesho jioni. Apige breki ya nguvu kwenye 30 hadi pedali itetemeke, aone gari inafika wapi, kisha kwenye 50. Umbali ule utamkaa kichwani. Kisha azunguke kwenye duara akiongeza mwendo kidogo kidogo hadi pua ianze kutoka nje, aachie mafuta, aisikie ikirudi. Ule mtambo wa kuzuia gari isiserereke asiuzime, hata kama rafiki atamwambia ndiyo raha ya Golf R. Arudie kila mwaka, mimi narudia mpaka leo.

Na miadi ya gereji aiweke sasa hivi. Theluji ya kwanza ikianguka, mji mzima unakumbuka matairi siku moja, na foleni inakwenda wiki kadhaa.